Sindano ya B12 nyumbani: niliyoyaona nikimsaidia shangazi

Watu wa kwetu hatuna shida na sindano. Tumekua tukiamini kwamba dawa ya kweli ni ile ya kuchomwa, na mgonjwa anayerudi kutoka hospitali na vidonge peke yake huona kama hakutibiwa. Lakini mwambie huyo huyo ashike bomba kwa mkono wake na kulielekeza kwenye paja lake mwenyewe, atakuuliza kama umerukwa na akili.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Diploma niliisoma nyumbani Tanzania, nikafanya kazi wodini miaka michache, kisha nikaja kuchukua shahada huku. Kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwenye foleni ya duka la kununua mihogo na samaki wa barafu, kuna swali moja ambalo akina mama na vijana wananiuliza kila mara: "Dada, ile sindano ya vitamini naweza kujichoma mwenyewe nyumbani?"

Kabla ya kujibu huwa nauliza: sindano ipi? Maana wapo wanaozungumzia B12 waliyoandikiwa na daktari baada ya kupimwa damu. Wapo pia wanaozungumzia "sindano ya nguvu" inayochomwa kwenye saluni fulani na fundi wa kope, au ile waliyonunua mtandaoni kwa sababu wanachoka. Hapa Uingereza B12 ya sindano ni dawa ya cheti cha daktari, na dawa za cheti haziruhusiwi kutangazwa kwa umma. Kwa hiyo ukiona bango la saluni linaiuza pamoja na kucha za bandia, umeshajua unaongea na watu wa aina gani. Sitaandika zaidi juu yao.

Kuna jambo jingine kuhusu hao wanaochoka. Ukijichoma au ukimeza B12 kabla ya kupimwa, kipimo cha damu kitaonyesha umejaa, na daktari atakuambia huna tatizo. Uchovu wenyewe unaweza kuwa umetokana na upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo, mimba, huzuni au zamu za usiku mfululizo. Pima kwanza. Na usikimbilie vidonge vya asidi ya foliki, vile ambavyo nyumbani tunaviita dawa ya kuongeza damu. Kama kinachokosekana ni B12, foliki peke yake inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini.

Mishipa ya fahamu ndiyo hasa inayonifanya niandike. B12 tunaipata kwenye vyakula vya wanyama: maini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mchicha haunayo, hata uule sufuria zima. Ini huweka akiba ya kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huja polepole kiasi kwamba mtu hashtuki. Unaanza na uchovu, ulimi unakuwa laini na unauma, unasahausahau, kisha vidole vya miguu vinakufa ganzi. Ukichelewa sana unaanza kuyumba ukitembea gizani.

Wengine hupungukiwa kwa sababu hawali vyakula hivyo. Wengine ni kwa sababu ya metformini, ile dawa ya kisukari iliyo kwenye kabati la karibu kila nyumba ya watu wetu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba metformini inaweza kushusha B12, na kwamba jambo hilo si la nadra. Halafu lipo kundi la tatu, ambalo kinga ya mwili inashambulia tumbo lake lenyewe, hata tumbo likashindwa kutengeneza kile kinachobeba B12 kuiingiza mwilini. Huo unaitwa anemia ya pernishasi. Zamani ulikuwa ugonjwa wa kuua. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa wanaolishwa maini mengi kila siku wanapona, na mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Vitamini yenyewe ilitenganishwa mwaka 1948. Leo dozi nzima inaingia kwenye kichupa cha mililita 1.

Shangazi yangu yuko kwenye kundi hilo la tatu. Ni mtu wa Tanga, ana miaka hamsini na kitu, na anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Pia ana sukari. Kwa hiyo miguu ilipoanza kufa ganzi kila mtu alisema ni sukari, naye akakubali, kwa sababu sukari tunaifahamu na tuna majibu yake tayari. Aliposhindwa kufunga vifungo vya gauni ndipo daktari wa familia akaagiza kipimo cha B12, na baadaye kipimo cha kinga.

Matibabu ya kawaida hapa ni sindano ya haidroksokobalamini, miligramu 1. Asiye na dalili za mishipa huanza na tatu kwa wiki kwa wiki mbili. Mwenye dalili kama za shangazi huchomwa siku moja na kuruka inayofuata, mpaka nafuu isipoongezeka tena, kisha huendelea na moja kila miezi 2, maisha yote. Sasa fikiria mtu anayelipwa kwa saa. Kliniki ina nafasi za asubuhi tu, na yeye saa hizo yuko nyumba ya tatu anamwogesha bibi wa watu. Wiki mbili za kwanza alipoteza zamu saba. Wiki ya tatu akaniambia, "Mwanangu, ganzi naweza kuizoea. Kodi ya nyumba siwezi."

Na mama yake, bibi yangu, alikuwa kitandani Tanga. Safari ilikuwa inakuja, angekaa kule miezi mitatu.

Sikumwandikia mimi dawa, na wala sikumchoma mimi. Uuguzi una mipaka yake, na undugu hauiondoi. Nilichofanya ni kwenda naye kliniki tukauliza kama anaweza kufundishwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, kliniki nyingi ziliahirisha sindano hizi au zikawapa watu vidonge, na tangu hapo wagonjwa wengi wameomba kujifunza. Kliniki nyingine zinakubali, nyingine hazikubali. Yake ilikubali kwa masharti: awe ameshachomwa mara kadhaa pale pale bila mzio, afundishwe na nesi wa kliniki, na aonekane akijichoma mwenyewe kabla ya kuruhusiwa. Ni masharti mazuri, usiyaone kama usumbufu. Mzio mkali kwa dawa hii ni nadra, ila ukitokea hutaki uwe peke yako jikoni. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu isigande, sema kabla ya yote, kwa sababu sindano ya kwenye msuli inaweza kukuvujisha damu ndani.

Tulianza na chungwa. Nilimpa bomba la maji akachoma chungwa mara kumi mezani kwangu. Mara ya kumi akaniangalia, akasema, "Chungwa halina mwenyewe." Sikuwa na jibu.

Alichokiogopa kwanza ni hewa. Sote tumeona filamu ambapo mtu anauawa kwa bomba tupu. Kiputo kidogo kinachoingia kwenye msuli wa paja hakina madhara hayo. Unaligonga bomba kwa kidole, unasukuma hewa itoke, basi. Cha pili alichokiogopa ni kuvunja kichupa cha kioo, na hapo alikuwa na haki, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojikata. Kichupa kina alama ya nukta shingoni. Unakizungushia kitambaa safi cha pamba, nukta ikikutazama wewe, halafu unaivunja shingo kuelekea upande wa pili, mbali na uso wako.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unaosha mikono kwa sabuni na kuikausha. Unasoma jina la dawa na tarehe ya mwisho kila mara, hata kama boksi ni lile lile la juzi. Dawa ni nyekundu ang'avu, kama maji ya rozela yaliyochujwa. Ikiwa na ukungu au vipande, usiitumie. Unaivuta kwa sindano moja kisha unabadilisha, kwa sababu ncha iliyogusa kioo inakuwa butu na inauma zaidi. Ya kuchomea aliyopewa shangazi ni ile ya kitako cha bluu, yenye urefu wa milimita 25. Wewe tumia uliyopewa, maana watu hatulingani unene.

Unakaa kwenye kiti, mguu umeulegeza. Paja ligawe kwa macho mafungu matatu toka gotini hadi nyonga: unachoma fungu la katikati, upande wa nje. Takoni pasiguswe na mtu anayejichoma mwenyewe, huoni unakokwenda na kuna mshipa mkubwa wa fahamu. Vuta ngozi kidogo, ingiza sindano wima kwa mwendo mmoja usiositasita, sukuma dawa taratibu kwa kama sekunde kumi, toa, bana kwa pamba. Usisugue. Mara ijayo paja la pili. Ukihisi maumivu makali kama shoti ya umeme yanayoshuka mguuni, toa. Midomo ikivimba, upele ukitapakaa au pumzi ikibana, piga 999 hapo hapo.

Kusitasita ndiko kunakouma. Shangazi, mbele ya nesi, alisogeza sindano mpaka karibu na ngozi akairudisha mara nne. Nesi, Mwingereza mtaratibu, alikaa kimya tu. Mara ya tano shangazi akasema "Bismillahi" kwa sauti ya mtu anayeruka mtoni, ikaingia. Akabaki anaishangaa. "Hii tu?" Nesi akaniuliza kasema nini.

Msitarajie miujiza. Uchovu ulipungua baada ya wiki kadhaa, lakini mishipa hupona polepole, kwa miezi, na iliyoumia muda mrefu hairudi yote. Shangazi sasa anafunga vifungo vyake. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havimwambii chochote, na anakagua miguu yake kila jioni kama mtu yeyote mwenye sukari anavyopaswa. Niseme na hili: si kila mwenye upungufu anahitaji sindano. Vidonge vya dozi kubwa huwafaa wengi, hasa ambao tatizo lao ni chakula, kwa sababu sehemu ndogo sana hupenya hata bila ule msaada wa tumbo. Ongea na daktari wako kuhusu hilo kabla hujaanza kuota mabomba.

Walio katika mfungo huniuliza kama inafunguza. Hiyo ni ya shehe wako. Ninachojua mimi ni kwamba dawa ya kila miezi 2 haidai saa maalumu, unaweza kujichoma usiku baada ya kufuturu na mjadala ukaisha.

Kuhusu safari. Dawa hii huhifadhiwa chini ya nyuzi 25 na ndani ya boksi lake, maana mwanga unaiharibu. Tanga, Mombasa au Maskati, nyuzi 25 huzipati dirishani. Tafuta kabati la ndani lenye ubaridi, na usiiache kwenye gari. Ibebe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na sindano zake, barua ya daktari na nakala ya cheti chenye jina lile lile lililo kwenye pasipoti. Uliza shirika la ndege mapema. Shangazi alibeba vichupa viwili, kimoja cha dozi yake na kimoja cha akiba. Jamaa wakaanza kuja mmoja mmoja: kaka ana ganzi, jirani anachoka, nao wachomwe. Akawajibu kwamba ya akiba ni ya kwake, wao waende wakapimwe. Binamu mmoja alienda kweli. Alikuwa ameshachomwa dukani mchanganyiko wa vitamini B kwa muda mrefu, na kule hospitali wakamwambia B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huleta ganzi.

Sindano zilizotumika usizifunike tena kwa kifuniko chake. Hapo ndipo watu hujichoma vidole. Zitumbukize moja kwa moja kwenye boksi la njano. Hapa Uingereza unaweza kuandikiwa boksi hilo kwa cheti, na halmashauri nyingi hulichukua nyumbani likijaa mpaka kwenye mstari. Kule Tanga halikuwepo. Shangazi aliziweka kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, akalifungia kabatini mbali na wajukuu, na siku moja kabla ya kurudi akalipeleka kituo cha afya cha jirani, wakalipokea pamoja na taka zao za sindano.