Kutoka Sufu Hadi Sufuria

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwenda Sengerema hana tena haja ya kungojea kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la kilometa tatu humvusha ziwa kwa dakika chache, na mara hujikuta Busisi. Akitazama kando ya barabara atawaona kondoo wakila majani karibu na maji: wa kahawia, weusi na wa mabaka, mikia minene, malaika mafupi kama ya mbuzi. Hakuna awanyoaye. Huku nguo ni pamba, na kondoo ni nyama.

Mfugaji mmoja mzee alitukaribisha kivulini na kutuuliza swali lililokuwa likimkosesha usingizi. "Wanangu, ninyi watu wa magazeti mnatembea sana. Nikiuza majike wangu wanne ninunue dume moja la Doper, nitakuwa nimefanya akili au ujinga?"

Mkewe, aliyekuwa akianika dagaa, alimjibu kabla yetu: "Uliza kwanza hilo dume limezoea majani ya wapi."

Tulicheka sote, lakini mama huyo alikuwa amegusa penyewe. Katika Afrika Mashariki, watu wengi waliobadili kondoo wao walijifunza swali hilo baada ya hasara.

Wa kwanza walitafuta sufu. Mwaka 1904 mlowezi wa Kiingereza, Lord Delamere, alileta Njoro, Kenya, kondoo wa Merino kutoka New Zealand, na wengi wao wakafa. Majani ya Njoro yalipendeza macho, kumbe yalipungukiwa na madini. Hapa kwetu, katika miaka ya 1960, ufugaji wa kondoo wa sufu ulijaribiwa Kitulo, kwenye baridi ya nyanda za juu za kusini, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Baadaye Kitulo ikajulikana kwa ng'ombe wa maziwa, na mwaka 2005 sehemu kubwa ya uwanda huo ikawa Hifadhi ya Taifa.

Wakati huo huo nailoni na ndugu zake walikuwa wakiinyang'anya sufu soko. Hata Australia, bingwa wa sufu duniani, iliumia. Mwaka 1991 mpango wake wa kulinda bei ulivunjika, marobota zaidi ya milioni nne yakiwa yamelala maghalani. Wafugaji wengi wa huko wakageukia nyama, na miongoni mwa kondoo waliowachukua alikuwemo huyu huyu Doper.

Doper alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kupandisha kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na Mpersia mwenye kichwa cheusi. Hukua upesi, hunenepa, na manyoya yake machache hupukutika yenyewe. Mkulima hana haja ya mkasi wala mnyoaji. Ukimwona mnadani utamtamani. Mwandishi naye alimtamani.

Basi katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianzisha mpango wa kueneza madume hayo kwa bei nafuu. Wafugaji wengi waliyapandisha kwa kondoo wekundu wa Kimasai, mwaka baada ya mwaka, hata kondoo mwekundu halisi akawa adimu. Wachache walielezwa mahali pa kukomea. Ukame ulipokuja, na minyoo ilipozidi, wanyama wale wanono ndio waliotangulia kufa. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha huko Diani, kwenye unyevu wa pwani, wakaona kwamba kundi la kondoo wekundu lilitoa mazao mara kadhaa kuliko kundi la Doper, kwa sababu wana-kondoo wake waliishi.

Ufuko wa Busisi nao una unyevu. Minyoo inyonyayo damu tumboni hupanda majani pamoja na umande, na konokono wadogo wa madimbwini hubeba minyoo ya ini. Kwa hiyo tulimshauri mzee asiuze majike wake. Akipata dume chotara, ampandishie majike wachache tu na kuwaacha wengine na dume la kienyeji. Awafungulie kondoo umande ukishakauka, awanyweshe kwenye karai badala ya dimbwini, na asiwape wote dawa ile ile ovyo, maana minyoo huizoea. Wa kutibiwa hujulikana kwa jicho: kope la ndani likiwa jekundu ni salama, likiwa jeupe damu imekwisha.

Mzee alisikiliza akikuna ndevu. "Lakini yule Doper ni mzuri," akasema.

Mkewe alikuwa ameshamkamata jike mmoja na kumfunua kope. Aliinama akatazama, kisha akamwita mumewe aje aone.