Kanisa la Ribe na Majirani Wake Waislamu

Mtu wa Mombasa akilisikia jina la Ribe, aghalabu humjia akilini mambo mawili: kaya ya Waribe, ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na zile shule mbili za sekondari, ya wavulana na ya wasichana. Jambo la tatu halizungumzwi sana katika baraza zetu, nalo ni kanisa la Methodisti ambalo lilitia mizizi hapo tangu mwaka 1862. Kanisa hilo limekuwa jirani yetu kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Na jirani, ndugu msomaji, ni haki kumjua, awe ni wa dini yako au si wa dini yako.

Aliyewaleta Wamethodisti huku ni Johann Ludwig Krapf, yule Mjerumani aliyekuwa amekaa Rabai miaka ya nyuma. Alirudi pwani akifuatana na kijana wa Kiingereza, Thomas Wakefield, na wenzake wachache. Krapf hakukaa sana, kwani afya ilimshinda, na kabla mwaka haujapita sana akarudi kwao. Mwaka 1863 akaja Charles New. Homa iliwasumbua mno wageni hao. Rebecca, mke wa Wakefield, alifia hapo hapo Ribe mwaka 1873. Na shabaha yao hasa haikuwa Waribe wala Waswahili. Walikuwa wakiitazama Tana na nchi ya Wagala, ambao leo twawaita Waorma.

Sasa kuna habari ambayo yafaa ijulikane zaidi. Mwaka 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London lilichapisha makala ya Wakefield juu ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara: vituo, maji, milima, makabila. Wataalamu wa Ulaya waliipokea kwa shauku kubwa. Lakini Wakefield hakuzitembea njia hizo. Elimu ile karibu yote aliipata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa pwani yetu ya kusini, kiongozi wa misafara, aliyezijua njia hizo kwa miguu yake. Sadi huyo huyo ndiye aliyemwongoza Charles New mwaka 1871 alipokwenda Kilimanjaro akaifikia theluji. Hivyo katika miaka ile ya kwanza, aliyekuwa mwalimu ni Mwislamu, na aliyekaa na kalamu akiandika ni mmisheni. Sifa nyingi, kama ilivyo kawaida, zilimwendea mwenye kalamu.

Lakini Wamethodisti ni watu gani? Mwanzo wao ni John Wesley, kasisi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1703 akafa 1791. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol, wafuasi wake walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Wakashauriana kila mtu atoe peni moja kila juma. Mmoja akasema kuna maskini wasioweza hata hiyo peni. Ndipo nahodha mmoja, jina lake Foy, akajibu: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila juma, asiyeweza kutoa nitamtolea mimi. Kwa hesabu hiyo watu wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kila kikundi na kiongozi wake. Kiongozi akipita kuchukua peni, alijua pia nani mgonjwa, nani amefukuzwa kazi, nani amerudia ulevi. Kilichoanza kuwa njia ya kulipa deni kikawa ndicho kitovu cha kanisa zima, kinachoitwa darasa.

Wesley aliendelea. Mwaka 1746, huko London, alifungua mahali pa kuwapa maskini dawa, na mwaka huo huo akaanzisha mfuko wa kuwakopesha wafanyakazi wadogo. Kiwango hakikuzidi shilingi 20, zilizorudishwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitatu, na hazikutozwa riba. Msomaji anayeijua karadha hasana ataelewa upesi mzee huyo alikuwa akitafuta nini. Tena mwaka 1774 aliandika kijitabu kikali cha kupinga biashara ya utumwa, wakati ambapo matajiri wengi wa nchi yake waliishi kwa biashara hiyo.

Na ni huo utumwa uliokuja kuwatia mtihanini wanafunzi wake hapa kwetu.

Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga biashara ya watumwa baharini, lakini watumwa waliokuwa mashambani walibaki watumwa. Hali yao ya kisheria haikuondolewa pwani hii mpaka 1907. Katika muda huo wote watu walitoroka, na wengine walikimbilia misheni: Rabai kwa Waanglikana, Ribe na Jomvu kwa Wamethodisti. Jomvu hasa ni mahali pa kupatazama, maana misheni ilikuwa jirani ya Jomvu Kuu, mji wa kale wa Waswahili. Fikiri hali ilivyokuwa. Huku ni msikiti na mabwana wenye mashamba, na kule ni kanisa lililojaa watoro wa mashamba hayo hayo. Wakubwa wa Kiingereza wenyewe waliwaonya wamisheni wasipokee watoro, kwa kuogopa fitina na Serikali ya Sultani. Watoro waliendelea kuja.

Hapa hatuna budi kusema kweli ingawa ni chungu. Wazee wetu wengine walikuwa mabwana wa watumwa. Dini yao ilikuwa ikiwahimiza kuacha mtu huru na kuwaahidi thawabu kubwa kwa tendo hilo, na wapo waliofanya hivyo. Lakini yule aliyelala porini usiku akielekea Ribe, bwana wake hakufanya. Mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, chini ya George Mackenzie, iliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika misheni hizo zote, nao wakapewa hati za uhuru. Bwana alipata fedha. Mtumwa alipata karatasi, na kwa miaka aliyofanya kazi bure hakulipwa na mtu.

Wengi wa hao walibaki katika ardhi ya misheni, wakabatizwa, wakafuata kanuni zake. Walibatizwa kwa imani au kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda? Nadhani ni yote mawili, na ni vigumu kumhukumu mtu aliyepata kuta nne kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lakini swali hilo si dogo, na tutalirudia.

Kule Tana mambo hayakwenda walivyotaka. Walifungua kituo Golbanti, na mwezi wa Mei 1886 mmisheni John Houghton na mkewe wakauawa katika uvamizi wa Wamasai. Waorma ambao kanisa liliwatamani tangu siku ya kwanza, leo takriban wote ni Waislamu.

Mwaka 1967 kanisa hili likajitoa katika uangalizi wa Uingereza, likawa na mkutano wake mkuu Kenya. Ukienda kwa Wamethodisti wa pwani leo utakuta mambo ambayo Mwislamu hatayashangaa: kumzuru mgonjwa, kuchangiana karo, akina mama kukusanyika, kukesha matangani. Katika nyumba nyingi za Mijikenda, ndugu wa tumbo moja mmoja huenda msikitini na mwingine kanisani. Kukiwa na arusi au hitima, au hata mazishi ya Mkristo, huitwa Mwislamu achinje ili watu wote wapate kula chungu kimoja. Mkristo hupoteza nini? Hapotezi kitu. Nami naona kisu hicho kimefanya kazi kubwa ya ujirani kuliko hotuba nyingi tulizosikia.

Mambo huwa magumu pale msaada unapokuwa na lango na mlinzi, na shule ni lango hasa. Mwaka 2014 katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti, wasichana Waislamu walitaka waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa haki. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikapindua, ikawapa haki wasichana. Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo ya rufani, si kwa kuwa hijabu ni kosa, bali kwa kuwa dai la upande wa Waislamu halikuletwa kwa utaratibu unaotakiwa.

Hoja ya kanisa ilikuwa kwamba sare ni moja kwa wote, na akipewa huyu ruhusa yake, yule ataonewa. Si hoja ya kupuuzwa. Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya watoto mia tano ataielewa. Lakini shule hizi zinalipwa na Serikali kwa kodi ya wote, na mfadhili hawezi kuzihesabu kama ua wa nyumba yake. Msichana aliyekuja kutafuta hesabu na sayansi hakuja kwa hali ya mtoro wa Jomvu, asiye na pengine pa kwenda ila kukubali kila kanuni. Amekuja kwa haki yake. Na kanisa lililoanzishwa na mtu aliyewakopesha maskini bila riba lingepaswa kuliona hilo kabla ya mawakili.

Mahakama ya Juu ilipoimaliza kesi ilisema kwamba anayetaka kuendelea afungue madai upya, na ikaitaka bodi ya shule ishauriane na wahusika itafute kanuni zitakazowafaa wanafunzi wa dini zote. Kwa hiyo swali la hijabu lenyewe halikukatwa. Limeachwa kwenye meza za bodi za shule, ambako mchungaji wa kanisa lenye kufadhili na mzazi Mwislamu huweza kukaa kiti kwa kiti, na mzazi ana haki ya kusema.