Je, wajua kila meseji ina kitambulisho chake?

Chukua grupu la WhatsApp la wafanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye soko la nafaka lililo kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Mtu mmoja anaandika: "Gunia 70 zipo." Dakika hiyohiyo mwingine anaandika maneno yaleyale, na wa tatu naye vilevile. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anaigusa ile meseji ya pili na kujibu: "Hizo nachukua." Simu za watu wote mia na zaidi waliomo kwenye grupu zinaonyesha jibu lake likiwa limening'inia chini ya meseji ya pili, si ya kwanza wala ya tatu. Hakuna anayegombana kuhusu gunia ni za nani.

Simu zimejuaje? Maneno ni yaleyale, saa ni ileile. Jina la mwandishi nalo halitoshi, maana mtu mmoja anaweza kuandika sentensi hiyohiyo mara tatu kwa siku. Kilichozisaidia ni kitu ambacho programu haituonyeshi. Kila meseji, hata ile ya kidole gumba peke yake, inazaliwa na kitambulisho chake ambacho hakuna meseji nyingine iliyo nacho katika mazungumzo hayo. Jibu la mnunuzi lilipoondoka Dar lilibeba kitambulisho cha meseji aliyoigusa, na kila simu iliyolipokea ikakitafuta kwenye kumbukumbu zake hadi ikakipata.

Tukifika kwenye namba za utambulisho Watanzania hatufundishwi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukilipia huduma ya serikali unapewa control number ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Simu yenyewe ina IMEI ya tarakimu 15, unayoiona ukibonyeza *#06#. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na IMEI ndiyo iliyotumika kuzitambua, kwa kuwa simu ya kughushi hubeba namba isiyo halali au iliyoibwa kutoka kwenye simu nyingine. Kitambulisho kikishakuwa cha watu wawili, hakimtambulishi yeyote.

Lakini kitambulisho cha meseji kina kazi ambayo NIDA na control number hazina, na kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi safarini. Uko kwenye basi la Singida. Mmeiacha Bahi, mmepita Kintinku, na gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Unaandika, "Saa kumi nitakuwa stendi," unatuma, na hapohapo mtandao unakata. Sasa simu yako ina swali zito. Huenda meseji haikutoka kabisa. Huenda pia ilifika kwenye seva, ila taarifa ya "nimepokea" iliyokuwa inarudi kwako ndiyo iliyopotea njiani. Ukiwa upande huu huwezi kutofautisha hali hizi mbili, kwa sababu katika zote unachokiona ni kimya. Simu isipotuma tena, ndugu yako anaweza asiipate meseji. Ikituma tena, anaweza kuipata mara mbili.

Ufumbuzi ni kwamba kitambulisho kinaundwa na simu yako kabla meseji haijaondoka, na simu itakapojaribu tena itatuma kitambulisho kilekile. Upande wa pili ukiona kitambulisho ambacho tayari unacho, hauiweki meseji mara ya pili. Unarudisha tu taarifa kwamba imeshafika. Simu inaweza kujaribu mara kumi tangu Kintinku hadi Manyoni mjini, na ndugu yako asione chochote zaidi ya meseji moja. Katika elimu ya kompyuta nzima ni vitu vichache ninavyovipenda kama hiki, maana ni kidogo mno na kinatatua tatizo kubwa mno.

SMS za kawaida hazikubahatika hivyo. Namba ya kumbukumbu ambayo simu huipa kila SMS inayotoka imetengewa baiti moja tu, yaani kuanzia 0 hadi 255, kisha inaanza upya. Hiyo haitoshi kuitambulisha meseji kwa muda mrefu. Ndiyo maana mpaka leo, mtandao ukiyumba, unaweza kupokea SMS ileile mara mbili au tatu.

Simu yako inapataje kitambulisho ambacho hakitagongana na cha mwingine, bila kuiuliza seva? Inachagua kwa nasibu. Kitambulisho cha meseji ya WhatsApp ni mfuatano wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Mfuatano wa alama 16 za namna hiyo una uwezekano zaidi ya bilioni bilioni 18, na simu nyingi hutumia mfuatano mrefu kuliko huo. Meseji zilizoandikwa kupitia WhatsApp ya kwenye kompyuta, kwa mfano, vitambulisho vyake huanza na 3EB0, kisha sehemu ya nasibu ndiyo inafuata. Tiki tunazozihesabu kwa hamu, moja ya kijivu, mbili za kijivu, mbili za bluu, ni taarifa zinazorudi zikiwa zimebeba kitambulisho hicho: "ile imefika," "ile imesomwa." Hata unapofuta meseji kwa wote, unachotuma ni meseji nyingine iliyofichwa, yenye amri ya kufuta na kitambulisho cha ile ya kwanza. Kuhariri, ambako WhatsApp ilikuruhusu mwaka 2023 ndani ya dakika 15 tangu kutuma, nako kunakwenda kwa njia hiyohiyo.

Hiyo ni meseji. Akaunti ni habari nyingine, na hapa programu hazifanani kabisa.

Mwaka 1999 Mmarekani Jeremie Miller alitangaza mfumo wa mazungumzo uitwao Jabber, ambao ulimpa kila mtumiaji anwani ya mtindo wa barua pepe. WhatsApp ilipoanzishwa mwaka 2009 ilijengwa juu ya mfumo wa ukoo huo, ila sehemu ya jina wakaweka namba ya simu. Ndani ya mitambo yao, Mtanzania akawa 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa za laini yake, kisha @s.whatsapp.net. Uamuzi huo ndio ulioifanya programu ienee haraka, kwa kuwa hakuna jina la kubuni wala nywila ya kukumbuka, na watu wote uliohifadhi namba zao wanajitokeza wenyewe.

Mimi naona gharama yake imewaangukia watu kama sisi. Namba ya simu ni ya kuazimwa. Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na ukibonyeza *106# unaona zilizosajiliwa kwa jina lako. Hata hivyo laini iliyoachwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kupewa mtu mwingine. WhatsApp wenyewe wanalijua hilo: akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika, kisha namba ikaanza kutumika kwenye simu nyingine, wanachukulia kwamba laini imepata mmiliki mpya na taarifa za akaunti ya zamani zinafutwa. Lakini hawawezi kuifuta namba hiyo kwenye simu za watu wengine. Mama aliyeko Mpwapwa amehifadhi namba ya mwanawe, mwanawe ameiacha laini hiyo mwaka juzi, na leo "mwanangu" kwenye simu ya mama ni mtu asiyemjua.

Telegram, iliyoanza mwaka 2013, ilichukua njia nyingine. Unajisajili kwa namba ya simu, lakini akaunti inapewa namba yake ya ndani. Ukibadilisha laini, namba hiyo haibadiliki. Ukibadilisha jina, picha, au lile jina la mtumiaji linaloanza na @, haibadiliki pia. Kwa wanaokwepa matapeli jambo hili ni muhimu kuliko yote. Jina na picha ya mbunge au ya mkuu wa mkoa vinanakiliwa ndani ya dakika moja. Jina la @ likiachwa, mwingine anaweza kulichukua. Namba ya ndani haichukuliki. Programu yenyewe ya Telegram kwa kawaida haiionyeshi, lakini zipo roboti humohumo ndani ambazo ukizitumia meseji zinakurudishia namba ya akaunti yako.

Meseji za Telegram nazo zinahesabiwa tofauti. Kwenye chaneli na makundi makubwa zinafuata mfuatano: 1, 2, 3, na kuendelea. Gusa meseji, nakili kiungo chake, na tarakimu za mwisho ndizo kitambulisho. Namba iliyotumika hairudiwi, kwa hiyo chaneli ikiruka kutoka 480 kwenda 482, hapo kati kuna kitu kilichoondolewa. Kwenye mazungumzo ya watu wawili ni tofauti tena, maana kila akaunti ina hesabu yake. Meseji moja uliyonitumia inaweza kuwa 9,112 kwako na 30,457 kwangu. Anayetaka kulinganisha simu mbili asipolijua hili atadhani kuna mmoja anayedanganya.

Discord, inayopendwa na vijana wa michezo ya kompyuta na wanaojifunza kuandika programu, imetumia mbinu iliyobuniwa Twitter mwaka 2010, nayo inanivutia kuliko zote. Kitambulisho kinabeba saa ndani yake. Washa hali ya wasanidi programu kwenye mipangilio, bonyeza meseji, nakili namba yake. Mfano unaotolewa kwenye maelezo ya Discord wenyewe ni 175928847299117063. Igawanye kwa 4,194,304 na uache desimali, unabaki na 41,944,705,796. Hizo ni milisekunde tangu kuanza kwa mwaka 2015 kwa saa ya Greenwich. Zihesabu na utafika tarehe 30 Aprili 2016, na kwa saa zetu Dodoma ni saa nane na dakika 18 mchana, sekunde 25. Hukuuliza seva wala mtu yeyote, kikokotoo cha simu kimetosha.

Je, kwa WhatsApp mtu wa kawaida anaweza kuviona vitambulisho hivi? Kwa shida. Kwenye simu ya Android vimo ndani ya faili la msgstore.db, safu iitwayo key_id, na faili hilo limefungwa. Njia rahisi kwa miaka mingi imekuwa kufungua WhatsApp kwenye kompyuta na kukagua ukurasa kwa zana za kivinjari, ambako kila meseji imebeba sifa iitwayo data-id, ingawa wenye programu huubadilisha muundo huo wanapotaka. Ukihamisha mazungumzo kwa kitufe cha kawaida unapata faili la maandishi lenye tarehe, saa, jina na maneno tu. Kitambulisho hakimo. Telegram ya kompyuta ni afadhali, kwani faili inalotoa linaandika namba ya kila meseji na namba ya akaunti ya aliyeiandika.

Mtu anaweza kuuliza faida yake ni nini kwa asiyeandika programu. Siku ya deni ndipo inapoonekana. Watu wanakwenda polisi na mahakamani na skrinshoti. Jina linaloonekana juu ya skrinshoti ni lile mwenye simu aliloliandika mwenyewe kwenye orodha yake. Naweza kuihifadhi namba ya rafiki yangu kwa jina la mwenye nyumba wako, nikaandikiana naye ninachotaka, nikapiga picha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaukubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, lakini katika kuupima inaitaka mahakama iangalie jinsi ulivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kutumwa, jinsi ulivyolindwa usichezewe, na jinsi aliyeuanzisha alivyotambuliwa. Skrinshoti peke yake ina majibu machache kwa maswali hayo. Simu yenyewe, mazungumzo yakiwa hayajafutwa, ina majibu mengi, kwa sababu vitambulisho bado vimo, na kilichomo kwenye simu ya mdai kinaweza kulinganishwa na kilichomo kwenye simu ya mdaiwa. Kwa hiyo aliyetapeliwa asiifute meseji kwa hasira, na asibadilishe simu kabla mtaalamu hajaiona.

Upande wa pili wa jambo hili ni faragha. Kila kundi la zamani la WhatsApp lilipewa kitambulisho chenye namba ya simu ya aliyeliunda, kistari, na kisha wakati, uliohesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Ukikuta baada ya kistari 1438423200, kundi lilizaliwa tarehe 1 Agosti 2015, saa saba kamili mchana kwa saa za hapa. Hata muundaji akijitoa, namba yake inabaki ndani ya kitambulisho, na yeyote mwenye ujuzi wa kukitazama anaisoma. Makundi mapya yanapewa tarakimu ndefu zisizomtaja mtu, na huo ni uamuzi mzuri.

Bunge limeligusa hili pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu kuwa taarifa binafsi namba yoyote ya utambulisho, alama au kitu kingine alichopangiwa mtu. Kwa usomaji wangu, namba ya ndani ya akaunti ya Telegram imo, hata kama mwenyewe hajawahi kuiona. Tume inayosimamia sheria hiyo ina makao yake hapahapa Dodoma. Anayekusanya namba za wanakikundi na kuziuza kwa wanaotuma matangazo ana wa kumjibu, na aliyeuzwa ana mahali pa kwenda kulalamika.