Amplifaya ya msikiti haifi bila sababu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Bariadi

Waumini wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega si wageni wa habari hii: adhana ya Alfajiri inakatika katikati, amplifaya inapelekwa kwa fundi, transista mbili zinabadilishwa, na baada ya wiki chache chombo kimerudi kule kule. Kinacholipa gharama hizo ni sadaka za wakulima wa pamba na wachuuzi wa sokoni. Kuweka transista mpya bila kujua ya zamani imeunguzwa na nini ni kuichezea amana.

Transista za kutolea sauti hutangulia kufa kwa sababu ndizo zibebazo mzigo mzito. Adui yao wa kwanza ni joto. Vumbi la kiangazi huingia kwenye matundu na kuziba nafasi za bati la kupozea. Wengine nao hufunika amplifaya kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi.

Adui wa pili ni mzigo uliozidi. Honi nne za omu 16 zikiungwa sambamba, amplifaya hukutana na omu 4 tu. Ikiwa imeundwa kwa omu 8, mkondo hukaribia kuwa mara mbili. Msikiti huongeza honi ili sauti ifike mbali, kumbe unaiunguza mashine.

Wa tatu ni umeme wenyewe: unaporudi ghafla baada ya kukatika, au radi inapopiga karibu na nyaya ndefu za mnarani. Mvua ikitishia, chomoeni waya wa umeme na nyaya za honi pia.

Kapasita kubwa zina majimaji ndani yake, nayo hukauka kwa joto. Kwa makadirio ya mafundi, kila joto linapoongezeka nyuzi 10 umri wake hupungua kwa nusu. Dalili zake ni kichwa kilichovimba na mvumo usiokoma hata kipaza sauti kikiwa kimezimwa.

Fundi makini haanzi na kubadilisha vipuri. Hutazama kwanza, hupima honi na nyaya zake, kisha huiwasha amplifaya kupitia balbu ya wati 60 ya zamani, ile ya uzi, iliyoungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna shoti. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, anaweza kuendelea.

Tunawanasihi vijana wetu: msifungue chombo hiki kwa udadisi, kwani kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Wala fyuzi isizungushiwe waya au karatasi ya bati. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inatoa taarifa, nayo isikilizwe.

Kila kamati iwe na daftari la matengenezo: tarehe, kipuri, gharama na chanzo cha ubovu. Fundi asiyeweza kuijaza sehemu ya chanzo, kazi yake haijakwisha.

Wabillahi tawfiq.