Wabaski na Lugha Isiyo na Ndugu

Katika pembe ya Ghuba ya Biscay, pale milima ya Pyrenees inapoteremka kuelekea baharini na mpaka wa Hispania na Ufaransa unapofikia mwisho wake wa magharibi, wanaishi Wabaski, watu ambao nchi yao huiita Euskal Herria na lugha yao Euskara. Nchi hiyo ina majimbo 7 ya jadi, 4 upande wa Hispania na 3 upande wa Ufaransa, na wanaoizungumza Euskara, au Kibaski kama kinavyoitwa kwa Kiswahili, ni zaidi ya 700,000. Mtu wao humwita euskaldun, neno lenye maana ya "mwenye Kibaski", kwa hiyo kinachomtambulisha katika neno hilo ni lugha aliyo nayo, wala si ukoo aliozaliwa. Jambo hilo lafaa kushikwa mapema, kwa kuwa swali la asili ya Wabaski limepotoshwa mara nyingi na waliodhani kwamba damu na lugha husafiri pamoja siku zote.

Majirani wote wa Kibaski, yaani Kihispania, Kifaransa na Kigaskoni, ni watoto wa Kilatini, na Kilatini nacho kimo katika ukoo mkubwa wa lugha za Kihindi-Kiulaya, unaokusanya pamoja Kigiriki, Kirusi, Kiajemi na Kihindi. Kibaski hakimo katika ukoo huo, wala hakuna lugha nyingine iliyo hai ambayo wanaisimu wamethibitisha kuwa ni ndugu yake. Zipo lugha nyingine za Ulaya zilizo nje ya ukoo huo, kama Kifini na Kihungari, lakini hizo zina jamaa zao zinazojulikana. Kibaski kimesimama peke yake.

Upweke huo hauifanyi sarufi yake kuwa ya ajabu kwa kila mtu, na kwa hakika mzungumzaji wa Kiswahili huona ndani yake mambo anayoyafahamu kuliko anavyoyaona Mfaransa. Kama vile kitenzi "nimekupa" kinavyobeba mtoaji na mpokeaji kwa pamoja, ndivyo katika maneno eman dizkizut, yenye maana ya "nimekupa hivyo", kitenzi kisaidizi dizkizut kinavyomtaja mtoaji na mpokeaji, kisha kikaongeza kwamba vilivyotolewa ni zaidi ya kimoja. Kigeni zaidi ni alama ya -k, ambayo hupachikwa kwenye jina la mtenda pale tu tendo linapokiangukia kitu kingine: mtu aliyekuja ni gizona, lakini aliyeleta kitabu ni gizonak.

Lugha isiyo na jamaa huwavuta wenye kuwatafuta, na kwa karne nyingi Kibaski kimehusishwa na Kiiberia cha kale, na lugha za Kiberiberi za Afrika Kaskazini, na lugha za milima ya Kaukazi, huku waandishi wa zamani wakidai kwamba kililetwa na Tubali, mjukuu wa Nuhu. Dai linalorudiwa zaidi ni kwamba neno aizkora, yaani shoka, limetokana na haitz, yaani mwamba, na kwamba kwa hiyo lugha hii imetoka moja kwa moja katika Zama za Mawe. Dai hilo linapendeza kulisikia, lakini ni dhaifu, kwa sababu aizkora linaweza kuelezwa vilevile kuwa ni mkopo kutoka Kilatini, na historia ya lugha nzima haiwezi kutundikwa kwenye neno moja.

Ushahidi ulio imara unapatikana kwenye mawe ya makaburi na ya matambiko yaliyochongwa enzi za Warumi huko Aquitania, kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo. Julius Caesar alikuwa amekwisha kuandika kwamba watu wa huko walitofautiana na Wagauli kwa lugha na desturi, na mawe hayo, ingawa yameandikwa kwa Kilatini, yamehifadhi majina ya wenyeji ambayo mjuzi wa Kibaski huyatambua mara moja: Cison ni gizon, mwanamume, Andere ni andere, mwanamke, Nescato ni neskato, msichana, Sembe ni seme, mwana wa kiume. Mwanaisimu Koldo Mitxelena, aliyeyachambua majina haya kwa makini katikati ya karne ya 20, aliimarisha hoja kwamba Kiakwitania kilikuwa Kibaski cha kale au ndugu yake wa karibu sana. Hapo ndipo ukoo wa lugha hii unapoweza kufuatwa kwa maandishi, takriban miaka 2,000 nyuma.

Upande wa damu, mifupa ya kale imeleta habari ambazo wengi hawakuzitarajia. Ilizoeleka kusemwa kwamba Wabaski ni kizazi cha wawindaji wa Enzi ya Barafu waliojificha milimani, lakini mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba, yaani taarifa za urithi zilizomo katika chembe za mwili, vya watu 8 walioishi kati ya miaka 5,500 na 3,500 iliyopita na kuzikwa katika pango la El Portalón, huko Atapuerca, kaskazini mwa Hispania. Watu hao walikuwa wakulima, ambao mababu zao wa mbali walitoka pande za Anatolia, na miongoni mwa mataifa ya leo walioonekana kuwakaribia zaidi ni Wabaski. Uchunguzi mwingine mkubwa, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kufikia takriban mwaka 2000 kabla ya Kristo wageni wenye asili ya nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi walikuwa wamechangia karibu asilimia 40 ya urithi wa watu wa rasi ya Iberia, na kwamba nasaba za kiume za awali zilikuwa zimetoweka karibu zote.

Wabaski hawakuepuka wimbi hilo. Wana urithi wa nyika kama majirani zao, na kilichowatenga ni yale yaliyofuata, kwa kuwa mchanganyiko wa enzi za Warumi na wa kutoka Afrika Kaskazini, ulioenea sehemu nyingine za rasi, kwao ulipita kidogo tu, hata leo bado wanafanana na watu wa Iberia wa Zama za Chuma. Hili ndilo fumbo lenye uzito kuliko shoka na mwamba: wageni wa nyika ndio wanaohusishwa na kuenea kwa lugha za Kihindi-Kiulaya, lakini hapa wanaume wao walizaa na kuacha nasaba, na bado lugha iliyobaki haikuwa ya ukoo huo. Maelezo yaliyo karibu na akili ni kwamba watoto waliozaliwa walikulia katika lugha ya mama zao na ya jamii iliyowazunguka.

Baadaye Kilatini kilipokuja na dola, biashara na kanisa, Kibaski hakikujifungia mlango. Kilichukua liburu, kitabu, bake, amani, gorputz, mwili, na errege, mfalme, kutoka neno la Kilatini regem, kikiliongezea irabu mbele kwa kuwa Kibaski cha kale hakikuruhusu neno lianze kwa sauti ya r. Kitabu cha kwanza kuchapishwa katika lugha hii, mkusanyo wa mashairi wa padri Bernat Etxepare, kilitoka Bordeaux mwaka 1545, nayo akademia yake ya lugha, Euskaltzaindia, ilianzishwa karne ya 20, muda mfupi kabla ya utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, kuifukuza lugha hii shuleni na katika ofisi za umma.

Mwaka 1968, Franco akiwa bado madarakani, akademia hiyo ilikutana Arantzazu na kuanza kusanifisha Kibaski kimoja cha kuandikia, na baada ya kifo chake sheria ya mwaka 1979 ikaifanya lugha hii kuwa rasmi, pamoja na Kihispania, katika majimbo 3 kati ya yale 4 ya upande wa Hispania. Tangu hapo shule zinazofundisha kwa Kibaski zimewapokea maelfu ya watoto ambao wazazi wao hawakuijua kabisa, wakiwemo wa familia zilizohamia kutoka sehemu nyingine za Hispania kutafuta kazi viwandani, na anayejifunza lugha hiyo akaimudu huitwa euskaldun berri, yaani mwenye Kibaski mpya.