Saa za Ziada kwa Mfanyakazi wa Zamu Ndefu

Mlinzi wa zahanati ya serikali huingia kazini saa 12 asubuhi. Hutoka saa 12 jioni. Katikati hupumzika saa 1. Basi hufanya kazi saa 11 kwa siku, siku 4 kwa juma. Je, anastahili malipo ya saa za ziada?

Jibu limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Inawahusu pia watumishi wa serikali, isipokuwa wanajeshi, polisi, askari magereza na Jeshi la Kujenga Taifa.

Kwa kawaida, kazi isizidi saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa juma. Saa inayozidi hapo ni ya ziada. Hulipwa angalau mara moja na nusu. Kama mshahara wa saa 1 ni shilingi 2,000, saa ya ziada ni shilingi 3,000. Mlinzi wetu huzidisha saa 2 kila siku. Kwa siku 4 ni saa 8. Hizo ni shilingi 24,000 kwa juma.

Lakini yako mapatano ya maandishi. Mfanyakazi akikubali kwa maandishi, aweza kuwa kazini hadi saa 12 kwa siku, pamoja na mapumziko ya chakula, bila malipo ya ziada. Siku zisizidi 5, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Hapo mlinzi hapati tena zile shilingi 24,000. Faida yake ni siku 3 za kushughulikia shamba lake. Akiitwa siku ya tano, saa 1 ni ya kawaida, maana inatimiza 45. Saa 10 zinazofuata ni za ziada. Zaidi ya 10 kwa juma haziruhusiwi.

Kazi ya usiku, tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezwa angalau asilimia 5 kwa kila saa. Kazi ya sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili.

Ndugu msomaji, usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusoma. Kila siku andika daftarini saa uliyoingia na saa uliyotoka. Malipo yakipungua, mwone mwajiri na daftari lako mkononi. Asiposikia, mweleze kiongozi wa chama cha wafanyakazi au Afisa Kazi.

Maswali
1. Saa za kawaida kwa juma ni ngapi?
2. Mlinzi akilipwa shilingi 2,000 kwa saa, saa 10 za ziada ni shilingi ngapi?
3. Kwa nini tusome mapatano kabla ya kutia sahihi?