Laptopu ya chuo inayomudu gemu: acha kibandiko, soma namba

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, maduka ya kompyuta ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi hujaa wanafunzi wapya na wazazi wao, na maneno yanayouza mashine kuliko mengine yote ni mafupi: "Dogo, hii ni i7." Mzazi anasikia saba, anaona ni kubwa kuliko tano, pochi inafunguka. Muhula haujafika katikati, mwenye mashine yuko bwenini analalamika kwamba mpira unakwamakwama, Word inachelewa kufunguka na betri haimalizi kipindi kimoja cha mhadhara. Wala hakutapeliwa. Mashine ni i7 kweli. Tatizo ni kwamba neno i7, likisimama peke yake, halisemi lolote.

Chukua prosesa mbili za Intel za mwaka mmoja. Core i7-7600U ilitoka mwanzoni mwa 2017, ina viini viwili. Core i5-8250U ilitoka Agosti mwaka huohuo, ina viini vinne, na zote mbili zimeundwa kwa kiwango kilekile cha wati 15. Yaani i5 ya kizazi cha 8 inaipita i7 ya kizazi cha 7 katika karibu kila kazi inayogawanyika, gemu zikiwemo. Kizazi unakisoma kwenye tarakimu zinazotangulia tatu za mwisho: 7600 ni cha 7, 8250 ni cha 8, 10210 ni cha 10. Kuanzia hapo majina yalichanganywa kidogo, ila 1135G7 ni ya kizazi cha 11 na 1235U ni ya 12. Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni prosesa ya mashine nyepesi inayotunza betri. H hula umeme zaidi, huchemka zaidi, na mara nyingi hukaa kwenye mashine nzito.

Iko sababu ya pili ya kutoshuka chini ya kizazi cha 8. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho muda wa kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazikubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache mno za kabla yake. Mafundi wana njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine za zamani, na huwaka vizuri tu. Lakini Microsoft haiahidi kuzipelekea masasisho, na mwanafunzi aliye na miaka mitatu au minne mbele yake hapaswi kuanza safari kwa kubahatisha.

Sasa gemu. Mashine nyingi nyepesi hazina kadi ya grafiki inayojitegemea. Picha huchorwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Hapo kizazi kinaleta tofauti kubwa kuliko kwenye kuandika ripoti. Prosesa nyingi za U za kizazi cha 8 zina UHD 620. Hiyo inacheza GTA San Andreas na PES 2013 bila jasho, Football Manager vizuri, Minecraft na Valorant ukishusha ubora wa picha, na GTA V ukikubali skrini ndogo ya gemu na picha zisizopendeza sana. Kwenye kizazi cha 11, Intel ilileta Iris Xe, na hapo mambo yalibadilika. i5-1135G7 ina vitengo 80 vya kuchora picha, wakati UHD 620 ina 24. GTA V inachezeka kwa raha, na gemu za mpira za miaka ya karibuni zinakubali ukiwa mpole kwenye mipangilio.

Ila Iris Xe ina sharti ambalo wauzaji wengi hawalijui au hawalisemi. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Huazima RAM ya mashine, na kasi yake hutegemea jinsi inavyoifikia RAM hiyo. RAM ya 16GB iliyokaa kwenye stiki moja hupitisha data kwa njia moja, na ya 8GB mbili hupitisha kwa njia mbili. Ndoo mbili kisimani huteka haraka kuliko moja, hata kama mtungi ni uleule. Word haitaona tofauti, lakini gemu itaiona mara moja. Intel yenyewe imeweka alama: prosesa ya Iris Xe ikiwekewa stiki moja, Windows huandika "Intel UHD Graphics" badala ya Iris Xe. Kwa hiyo ukiwa dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, usome jina la grafiki na idadi ya nafasi za RAM zilizotumika. Muuzaji akikuambia "hii ni Xe" na mashine inasema UHD, wote wawili huenda wanasema kweli. Kinachokosekana ni stiki ya pili.

Ndiyo maana naona fedha ya kwanza ya ziada iende kwenye RAM, si kwenye i7. Na ndiyo maana nazipenda mashine za ofisini zilizotumika, zile zinazoshuka kwa makontena kutoka Ulaya baada ya kampuni kubadilisha vifaa. HP EliteBook 840 G5 ya 2018 ina uzito wa kilo moja na nusu hivi na nafasi mbili za RAM zinazofunguliwa kwa bisibisi. Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka huohuo ni nzito kidogo tu kuliko hiyo, ina nafasi mbili pia, na betri mbili: moja ndani, nyingine inachomolewa kwa nyuma, kwa hiyo unaweza kubeba ya akiba. T490 iliyofuata ina RAM moja iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu, na X1 Carbon imechomelewa yote: ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Ukiweza kupanda hadi EliteBook 840 G8, unapata kizazi cha 11, nafasi mbili za RAM na uzito wa kama kilo 1.4. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, hivyo mara nyingi ni afadhali kudai stiki zote mbili ziwemo kwenye bei ya mashine kuliko kuja kuzitafuta baadaye.

AMD wanastahili kutajwa, kwa kusifiwa na kwa kuonywa. Ryzen 5 PRO 4650U ya 2020, inayopatikana kwenye EliteBook 845 G7 na ThinkPad T14, ina viini sita na grafiki ya Vega inayoiacha UHD 620 mbali. Lakini majina ya mfululizo wa 7000 yamejaa mitego. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kwa namba, kumbe ndani ni muundo wa viini wa 2019 na grafiki ndogo ya Radeon 610M, wakati 7540U ni kitu tofauti kabisa. Kwenye mfululizo huo tazama tarakimu ya tatu, ndiyo inayotaja muundo wa viini: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4.

Vipi kuhusu mashine zenyewe za gemu, zile zenye kibodi ya taa nyekundu? HP Victus 15 ina kilo mbili na robo na zaidi, bila chaja, na chaja yake ya wati 150 au 200 si kitu cha kusahau kwenye begi. Ubebe hayo kutoka hosteli za Mabibo hadi chuoni Mlimani kila siku, ndani ya daladala iliyojaa. Halafu kuna jambo ambalo tangazo halikuambii: ukichomoa umeme, kadi kubwa ya grafiki hupunguziwa nguvu sana kwa sababu betri haiwezi kuilisha, na bado betri inaisha upesi. Umeme ukikatika jioni, mwenye mashine ya gemu na mwenye EliteBook wanakuwa karibu sawa, tofauti ni kwamba wa pili bado ana saa chache za kuandika. Tena jina la kadi si hakikisho. RTX 3050 ya laptopu imeruhusiwa kuwekwa kwa wati 35 hadi 80, kwa hiyo mashine mbili zenye kibandiko kilekile zinaweza kupishana vibaya. Anayesoma usanifu majengo na kufanya kazi kwa Revit, au anayehariri video kila wiki, ana sababu ya kweli ya kuibeba. Wengine wote wanabebea marafiki.

MacBook Air yenye M1, ya Novemba 2020, ina kilo 1.29, haina feni na betri yake ni ya kutamanisha. Ni mashine bora ya chuo na mbovu ya gemu: GTA V, Valorant na Counter-Strike 2 hazina toleo la Mac. Tuendelee.

Nafasi ya kuhifadhi watu huidharau hadi siku ya kupakua. FIFA 23 ilitangazwa kuhitaji GB 100, Counter-Strike 2 GB 85. SSD ya GB 256 yenye Windows, mafaili ya chuo na gemu moja ya aina hiyo inakuwa imeelemewa, na bando la kuipakua ni habari nyingine. eFootball, Valorant na Counter-Strike 2 zinachezwa bure kihalali, kwa hiyo sioni sababu ya kuingiza gemu ya kukopi kutoka kwenye flashi ya jirani, ambayo mara nyingi huja na virusi vinavyoficha mafaili wiki ya kukusanya kazi.

Kuhusu skrini, T480 nyingine zilitoka na kioo cha 1366 kwa 768. Gemu inaweza kufurahi, kwa kuwa kazi ya kuchora ni ndogo, lakini gemu unaweza kuishusha wewe mwenyewe hata kwenye kioo kizuri. PDF ya kurasa mbili huwezi kuipandisha. Chukua 1920 kwa 1080.

Kabla hujalipa, fanya mambo machache bila aibu. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotengenezwa. Utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya asilimia 70, omba punguzo la bei ya betri mpya. Zima, washa huku ukibonyeza F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad au F2 kwa Dell, uone kama inadai nenosiri ambalo muuzaji hana. Muhimu kuliko yote kwa mashine za ofisini: mwambie airudishe upya kabisa na kuiunganisha na intaneti mbele yako. Ikikuomba barua pepe ya kampuni usiyoijua, bado imesajiliwa kwa wenyewe. Iache hapo hapo.

Kisha joto. Mashine iliyokaa ofisini miaka minne ina vumbi kwenye feni, na ile dawa iliyopakwa kati ya prosesa na bati la kupozea imekauka. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, na ndiyo sababu gemu huanza vizuri na kukwama baada ya dakika kumi. Nenda na gemu kwenye flashi, icheze dukani robo saa, uangalie kama GHz za prosesa zinashuka au la. Kumlipa fundi asafishe na kupaka dawa mpya ni gharama ndogo kuliko kupanda kizazi kimoja. Na ukifika bwenini, Dar ya Januari bila kiyoyozi, usichezee kitandani. Godoro huziba matundu ya chini.

Mwanafunzi wa kawaida anayetaka kusoma na kucheza achukue mashine ya ofisini ya kizazi cha 11, RAM ya 16GB kwa stiki mbili, SSD ya GB 512. Fedha ikibana, T480 au 840 G5 ya i5, RAM mbili hizohizo, na ajue GTA V ataicheza kwa kuvumilia. Chini ya hapo sishauri, hata muuzaji akisema ni i7. Afadhali kusubiri bumu la mkopo linalofuata.